Barua ya wazi kwa Mganga Mfawidhi: darasa la yoga la wagonjwa lifunguliwe

Kwa: Mganga Mfawidhi,
Hospitali yetu ya rufaa (jina limehifadhiwa).

YAH: KUSITISHWA KWA DARASA LA YOGA TIBA KATIKA IDARA YA FIZIOTHERAPIA

Ndugu Mganga Mfawidhi,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Hii ni barua ya nne. Ya kwanza niliiwasilisha masjala tarehe 4 Machi 2025 na nakala yangu ikagongwa muhuri wa kupokelewa. Ya pili niliipeleka tarehe 22 Aprili. Ya tatu nililazimika kuitumbukiza katika sanduku la maoni lililo karibu na dirisha la bima, kwa sababu masjala waliniambia kwamba jambo langu tayari "linafanyiwa kazi" na hawakuona haja ya kupokea karatasi nyingine. Katikati ya barua hizo nilifika ofisini kwako mara mbili, na mara zote mbili nikaambiwa uko kikaoni, jambo ambalo sina sababu ya kulitilia shaka. Nimeamua kuandika hadharani baada ya kushauriana na wenzangu wa kikundi cha wagonjwa wa mgongo, ambacho mimi ni katibu wake. Sikusudii kukuvunjia heshima wewe wala watumishi wako, ambao baadhi yetu tuko hai kwa sababu yao. Jina la hospitali nimeliacha makusudi. Wewe unajijua, nasi tunajijua.

Mimi ni fundi cherehani. Kwa miaka 26 nimeinama juu ya mashine ya kukanyaga, na mwaka 2021 mgongo ulinigomea kabisa, nikawa siwezi kuinua ndoo wala kusujudu bila kushika ukuta. Nilipigwa picha, nikaambiwa pingili ziko salama na hakuna mshipa uliobanwa. Ni maumivu sugu ya kiuno yasiyo na chanzo kimoja kinachoonekana. Nikaandikiwa vidonge vya maumivu vya diclofenac. Nilizimeza kwa miezi mingi, nyingine kwa cheti na nyingine kwa kununua dirishani bila cheti, mpaka tumbo likaanza kuwaka na presha yangu, ambayo haikuwahi kunisumbua, ikaanza kupanda. Daktari aliyenipokea kwa ajili ya tumbo ndiye aliyeniambia nisiziguse tena, akanipeleka fiziotherapia.

Huko ndiko nilikolikuta darasa, lililokuwa limeanzishwa mwaka 2022 na mtaalamu mmoja wa fiziotherapia aliyeajiriwa na hospitali yako na ambaye, pamoja na taaluma yake, alikuwa amejifunza yoga kwa ajili ya wagonjwa. Tulikutana Jumanne na Alhamisi saa kumi jioni katika chumba cha mwisho cha idara, watu 14 kwa wastani. Hatukuwa na mikeka ya plastiki inayoonekana kwenye picha za wazungu. Tulitandika majamvi, tukakunja khanga kuukuu kuwa mto, na benchi la kusubiria likawa chombo chetu cha kazi. Aliyeshindwa kuinama hadi chini aliinama kwenye benchi. Aliyeshindwa kusimama kwa mguu mmoja alishika mgongo wa benchi. Kila mkao ulikuwa na namna tatu za kufanywa, na mtaalamu alipita mtu mmoja mmoja akijua nani ana presha, nani alifanyiwa upasuaji wa jicho, nani amevunjika nyonga miaka ya nyuma, kwa sababu mafaili yetu alikuwa ameyasoma.

Pumzi tulizihesabu kwa Kiswahili: kuvuta kwa hesabu ya nne, kutoa kwa hesabu ya sita. Ule mkao wa mwisho wa kulala chali na kulegeza mwili, ambao kwa asili yake huitwa mkao wa maiti, aliutaja kwa jina hilo siku moja tu. Mama mmoja aliyetoka wodini wiki chache kabla aliinuka akakaa kitako, akasema yeye hakuja hospitali kufanya mazoezi ya kufa. Tangu siku hiyo ukaitwa mapumziko. Baada ya wiki 12 nilirudi kwenye cherehani kwa nusu siku, na baada ya miezi sita kwa siku nzima, nikisimama kila baada ya saa moja kama nilivyofundishwa. Maumivu hayakuisha. Yalipungua hadi kiasi ninachoweza kuishi nacho bila vidonge, na kwangu hilo ni jambo kubwa.

Wiki ya pili ya Januari 2025 tulikuta kufuli jipya mlangoni. Alhamisi yake karatasi ilikuwa imebandikwa: huduma imesitishwa hadi itakapotangazwa tena. Kupitia dirishani tuliona maboksi ya mafaili yamepangwa mpaka juu. Malalamiko yetu ni haya yafuatayo.

1. Huduma ilikatwa bila taarifa kwa wagonjwa waliokuwa katikati ya ratiba.

Kati yetu wanne walikuwa hawajafika wiki ya sita. Hakuna aliyepigiwa simu, ingawa namba zetu zimo kwenye mafaili, na hakuna aliyepangiwa huduma nyingine mbadala. Nadhani hospitali isingesitisha kliniki ya kisukari kwa karatasi moja iliyobandikwa kwa gundi.

2. Tuliambiwa kwa mdomo kwamba "yoga si tiba, ni mazoezi ya burudani."

Kauli hii ilitolewa koridoni na ofisa ambaye sitamtaja, na kwa kuwa ndiyo sababu pekee tuliyowahi kupewa, naomba niijibu kwa kirefu. Sina digrii ya udaktari, lakini nasoma, na mwanangu aliye chuoni alinisaidia kuzipata na kuzielewa tafiti zenyewe.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2020 watu milioni 619 walikuwa na maumivu ya kiuno, na mwezi Desemba 2023 lilitoa mwongozo wake kuhusu maumivu sugu ya aina hiyo kwa watu wazima. Linapendekeza elimu kwa mgonjwa na mazoezi yaliyopangwa kwa utaratibu, na linashauri dhidi ya mikanda ya kiuno na dawa kali za jamii ya afyuni. Kabla ya hapo, mwaka 2017, chama cha madaktari bingwa wa magonjwa ya ndani cha Marekani kilishauri kwamba maumivu sugu ya kiuno yaanze kutibiwa kwa njia zisizo za dawa, na yoga kikaitaja kwa jina, bega kwa bega na mazoezi mengine. Sijui ni burudani gani hiyo ambayo madaktari wa taifa zima wanaiweka kabla ya vidonge.

Mwaka huohuo wa 2017 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa Boston uliowahusisha watu wazima 320, wengi wao wa kipato cha chini, wenye maumivu sugu ya kiuno. Waligawanywa kwa kura katika makundi: wengine darasa la yoga kwa wiki 12, wengine fiziotherapia ya mmoja mmoja, wengine kitabu cha maelekezo. Yoga haikuwa duni kuliko fiziotherapia, na katika makundi hayo mawili watu waliokuwa bado wanatumia dawa za maumivu baada ya wiki hizo walikuwa wachache kuliko katika kundi la kitabu. Naomba uitazame habari hiyo kwa jicho la msimamizi wa hospitali yenye mtaalamu mmoja na foleni ndefu: darasa la watu wengi lilifanya kazi sawa na kitanda cha mtu mmoja.

Sitaki kutia chumvi, maana naona waliotia chumvi ndio waliotuharibia. Mapitio ya mwaka 2022 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaokusanya na kupima tafiti za tiba, yaliyokusanya tafiti 21 zenye washiriki 2,223, yanasema kwamba ukilinganisha na kutofanya mazoezi yoyote, yoga huleta nafuu ndogo katika maumivu na katika uwezo wa kufanya shughuli, na ukilinganisha na mazoezi mengine ya mgongo tofauti ni ndogo au haipo. Yanasema pia kwamba baadhi ya washiriki maumivu yao yaliongezeka. Kwa hiyo sidai kwamba yoga ni bora kuliko mazoezi mengine. Ninachodai ni kwamba ni mazoezi tiba kama mengine, na kwamba baada ya kuifunga hamkutupa hayo mengine.

3. Wagonjwa wa kliniki ya afya ya akili waliumia zaidi yetu, na hawana wa kuwasemea.

Kuanzia mwaka 2023 kliniki ya afya ya akili ilianza kuwaleta darasani wagonjwa wachache waliokwisha kutulia kwa dawa: wenye sonona, wenye wasiwasi uliopitiliza, na mwanamke mmoja aliyefiwa na watoto wawili katika ajali moja ya barabarani. Huyu kwa wiki tatu za mwanzo hakufanya lolote. Alikaa kwenye jamvi lake karibu na mlango, viatu vikiwa mguuni, macho yakiangalia nje. Mtaalamu hakumgusa wala hakumhimiza. Kila mwanzo wa darasa alimwambia tu kwamba mlango hautafungwa na kwamba anaweza kutoka wakati wowote. Wiki ya nne alivua viatu. Mwezi wa pili alikuwa anahesabu pumzi pamoja nasi, kwa sauti. Usingizi, alituambia baadaye, ulimrudia kidogo kidogo, kwanza saa tatu kwa usiku, kisha tano.

Naelewa kwamba kisa cha mtu mmoja si ushahidi. Lakini mwaka 2014 ulichapishwa utafiti wa wanawake 64 wenye kiwewe sugu ambacho tiba nyingine zilikuwa hazijakiponya. Waliopata darasa la yoga la saa moja kwa wiki kwa wiki 10, wanawake 16 kati ya 31 walifikia hali ambayo vipimo havikuwahesabu tena kuwa na ugonjwa huo, ilhali katika kundi lililopewa elimu ya afya walikuwa 6 kati ya 29. Ni utafiti mdogo. Kwa upande wa sonona matokeo ni ya kusitasita zaidi: katika utafiti wa mwaka 2017 uliowahusisha watu 122 ambao dawa hazikuwa zimewaondolea dalili zote, wiki ya 10 hapakuwa na tofauti ya maana kati ya yoga na elimu ya afya, ila katika miezi iliyofuata waliofanya yoga ndio waliokuwa na dalili chache. Mwenye kusoma kwa haki atasema kwamba hii ni nyongeza ya tiba yenye matumaini ya wastani. Hakuna mahali popote inaposemwa kwamba iwe badala ya dawa, na mtaalamu wetu alilirudia hilo mpaka tukalikariri.

Jirani zetu wameliona. Kigali, wanawake walionusurika mauaji ya kimbari ya 1994, wengine wao wakiishi na virusi vya ukimwi, waliletewa madarasa ya yoga kama sehemu ya huduma yao. Nairobi, tangu mwaka 2007, vijana wa mitaa ya kipato cha chini wamefundishwa kuwa walimu na kupeleka madarasa ya bure mitaani kwao na magerezani. Hatukuwa tunafanya jambo la ajabu.

Yule mwanamke sijamwona tangu Februari. Niliuliza kliniki, walinijibu, kwa haki yao, kwamba siri za wagonjwa hazitolewi. Basi naomba wao wamtafute.

4. Kuna fununu kwamba baadhi ya wajumbe wa kamati waliiona yoga kuwa ibada.

Kama fununu hii ni ya uongo, naomba radhi na hoja hii uiruke. Kama ni ya kweli, ingefaa tuulizwe sisi, kwa sababu darasani tulikuwemo Waislamu na Wakristo, akiwemo mzee wa kanisa mwenye goti bovu na mwalimu wa madrasa mwenye bega lililoganda.

Sitasema kwamba yoga haina uhusiano na dini. Ilizaliwa India, ndani ya mapokeo yenye falsafa na ibada, na kusema vinginevyo ni kuwakosea heshima wenye nayo. Lakini kuna njia ndefu kati ya hapo na chumba chetu cha mwisho. Mwaka 1924, mjini Lonavla, Swami Kuvalayananda alianzisha kituo cha Kaivalyadhama kwa ajili ya kuipima yoga kwa vyombo vya maabara, akapima pumzi na mapigo ya moyo ya watu walioifanya. B. K. S. Iyengar, mwalimu wa yoga wa India aliyekua mtoto mgonjwa mwenye kifua kikuu, baadaye alifungua taasisi yake mjini Pune mwaka 1975 na akajulikana kwa kuwasaidia wagonjwa kwa viti, mikanda, mablanketi na vipande vya mbao, ili mwili usiojiweza upate pa kuegemea. Benchi letu la kusubiria na khanga zetu zilizokunjwa ni wajukuu wa viti vile.

Kwa sisi Waislamu, swali hili limekwisha kuulizwa na wenye elimu kuliko mimi. Malaysia mwaka 2008, baraza la fatwa lilikataza yoga inayochanganya mazoezi na ibada pamoja na nyimbo za dini nyingine. Indonesia mwaka 2009, baraza la maulamaa lilikataza hiyohiyo yenye ibada na halikuyakataza mazoezi matupu ya mwili. Saudi Arabia, Novemba 2017, iliitambua yoga kuwa shughuli ya michezo, baada ya juhudi za miaka mingi za mwanamke wa nchi hiyo, Nouf Marwaai, mwenyewe mgonjwa wa lupasi, maradhi ambayo kinga ya mwili huushambulia mwili wenyewe. Darasani kwetu hapakuwa na wimbo, ubani, sanamu wala neno la Kisanskriti. Palikuwa na hesabu ya moja hadi sita. Nikiulizwa mimi, kilichokuwa karibu zaidi na ibada mle ndani ni siku niliporukuu bila kushika ukuta, nikatokwa na machozi. Na ibada hiyo ilikuwa yangu niliyoizaliwa nayo.

5. Mlango mlioufunga umewapeleka wagonjwa kwenye mikono isiyo salama.

Hili ndilo lililonifanya nikae chini kuandika, na ndilo ninaloomba ulisome hata kama mengine huna nafasi nayo.

Miezi miwili baada ya kufungwa, mjini petu pamefunguliwa ukumbi wa yoga ambao sitautaja. Ada ni kubwa, lakini watu watano wa kikundi chetu walijikusanya wakaenda. Kwenye bango la mlangoni maradhi yanayoponywa yamepangwa kama vyakula vya mgahawani: kisukari, presha, pumu, ugumba, saratani, kuchanganyikiwa. Mzee wetu mmoja, mwenye presha ya macho na matone anayoweka kila siku, aliwekwa kichwa chini miguu juu siku ya kwanza kabisa, na hakuna aliyemuuliza swali lolote kuhusu afya yake. Imepimwa na kuandikwa kwamba mkao huo unaweza kuongeza shinikizo ndani ya jicho karibu maradufu. Mtaalamu wetu alimkatazia hata kuinamisha kichwa chini ya kiwango cha moyo. Mwenzetu mwingine, mama mwenye shinikizo la juu la damu, alishawishiwa apumzike dawa kwa siku 40 ili mwili ujisafishe. Siku ya 19 aliletwa hapa hospitalini kwako usiku, mdomo umepinda upande. Anaishi, anafanya mazoezi ya kutembea kwa fimbo. Kumbukumbu zake unazo wewe.

Hata India kwenyewe, ambako hakuna anayeweza kusingiziwa kuichukia yoga, utafiti uliofanyika katika vituo 24 kwa wagonjwa 3,959 waliokuwa wametoka kupata shambulio la moyo haukuthibitisha kwamba yoga inapunguza vifo na mashambulio mapya. Ulionyesha kwamba waliohudhuria walijiona wana afya bora zaidi na walirudi kwenye shughuli zao kwa kiwango kizuri zaidi. Wagonjwa hao waliendelea na dawa zao. Anayelijua hilo hawezi kumwambia mtu avitupe vidonge, na ndiyo maana tunataka anayetufundisha awe mtu aliyesoma, anayewajibika kwa hospitali, na mwenye faili langu mkononi.

Najua jibu la kwanza litakuwa kwamba waganga wa mtaani si jukumu lako. Kwamba nchi ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 na Baraza lake, na malalamiko yaende huko. Tumeshayaandaa na yataenda. Lakini mgonjwa aliyekuwa na pa kwenda salama na akafungiwa mlango, anapoumia mlango wa pili, swali halimhusu mwenye mlango wa pili peke yake.

6. Chumba na mtumishi.

Tunaambiwa chumba kinahitajika kwa mafaili. Tunalikubali hilo; mafaili lazima yakae mahali. Sisi tunaridhika hata na baraza la nje la wagonjwa wa nje, ambalo baada ya saa tisa na nusu huwa tupu, na tuko tayari kuja na majamvi yetu na kufagia kabla na baada. Kuhusu mtumishi, tunaambiwa yuko mmoja na kazi ni nyingi. Darasa la watu 14 lilimchukua saa moja. Akituhudumia mmoja mmoja kwa dakika 20, atatumia saa nne na dakika 40. Hesabu hiyo nimeirudia mara kadhaa kwa kuogopa kwamba fundi nguo nimekosea vipimo, haibadiliki. Kama tatizo ni kwamba mtu mmoja hawezi kubeba jambo peke yake mwaka hadi mwaka, basi asaidiwe, na wanafunzi wa fiziotherapia wanaokuja kwa mafunzo ya vitendo wafundishwe naye.

Kuna sababu ya mwisho ambayo haikutajwa na mtu ila naihisi: hofu ya ajali, kwamba mgonjwa ataanguka na hospitali italaumiwa. Hofu hiyo ni ya haki. Katika miaka miwili na nusu tuliyokaa mle ndani, aliyeumia ninayemfahamu ni mmoja, aliyeteguka kifundo cha mguu akitoka nje kwenye ngazi isiyo na taa. Ngazi hiyo bado haina taa.

Kwa hayo yote, tunaomba yafuatayo, na tunaomba yajibiwe kwa maandishi:

(a) Darasa lifunguliwe, angalau mara moja kwa wiki, chini ya idara ya fiziotherapia, popote patakapopatikana nafasi ndani ya uzio wa hospitali.

(b) Kila anayejiunga apimwe presha na kujaza fomu ya maswali ya afya, ikiwemo macho, mifupa, mimba, moyo na historia ya ugonjwa wa akili, na fomu hiyo ikae kwenye faili lake. Wale ambao daktari wao ataona haiwafai, waambiwe hivyo na wapewe mazoezi mengine. Hatuombi kila mtu aingizwe.

(c) Ubaoni paandikwe kwa herufi kubwa kwamba darasa hili haliondoi dawa ya mtu yeyote, na kwamba anayetaka kubadili dawa aende kwa daktari aliyemwandikia.

(d) Maendeleo yetu yapimwe mwanzoni na kila baada ya wiki 12, kwa maswali yaleyale, ili baada ya mwaka mmoja uongozi uwe na takwimu zake wenyewe. Zikionyesha kwamba hatupati nafuu, tutakuwa wa kwanza kuzikubali na kuwaachia nafasi wengine.

(e) Kliniki ya afya ya akili iwatafute wagonjwa wake sita waliokuwa darasani mwezi Januari na kuwauliza hali zao. Hili lisisubiri mengine.

Kuhusu gharama, kikundi kimekubaliana kwamba kila anayeweza atachangia kiasi kidogo kwa kupewa stakabadhi ya hospitali, na asiyeweza asirudishwe getini. Karatasi za fomu tutazinunua sisi.

Nitafika ofisini kwako Jumanne ya kwanza ya mwezi ujao, saa kumi jioni, muda uleule wa darasa, nikiwa na wenzangu wawili. Tutakaa kwenye benchi la kusubiria. Kama utakuwa kikaoni, tutasubiri kikao kiishe, kwa kuwa mgongo wangu sasa unaweza kukaa saa mbili mfululizo, na huo nao ni ushahidi ninaoomba uingizwe kwenye kumbukumbu.

Natanguliza shukrani.

Wako mtiifu,

Katibu,
Kikundi cha Wagonjwa wa Mgongo
(Jina, sahihi na namba ya faili vimo katika barua za tarehe 4 Machi na 22 Aprili 2025.)

Nakala: Katibu wa Afya wa Hospitali, Mkuu wa Idara ya Fiziotherapia, Msimamizi wa Kliniki ya Afya ya Akili.